Mkono Mkuu wa Fundi Shoto

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Mwenye safari asikimbie, atafika tu.

Mmezoea kunisikia katika kipindi hiki nikisema taratibu, kama mtu aliyevua viatu kwenye mlango wa nyumba ya msiba. Leo mtanisamehe, maana hata kiti hiki nimeshindwa kukikalia vizuri. Asubuhi binti wa marehemu alinipigia simu akanionya: "Kaka mtangazaji, ukimsimulia mama yangu kwa sauti ya kilio, atafufuka aje akuzimie mitambo." Nilimjua mama yake, na kwa kweli angeweza.

Leo tunamkumbuka Fundi Shoto. Fundi wa magari ya jeshi, askari mstaafu, mama wa binti mmoja mwenye maneno kama yake. Tunamkumbuka mwanamke aliyepoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto akiwa kazini, halafu akaambiwa na wakubwa kwamba mkono ule haukuwa na kazi kubwa. Lishikeni hilo, wapendwa. Vidole vitatu. Mkono wa kushoto. Habari yetu yote inazunguka hapo.

Alizaliwa na shoto. Ndiyo asili ya jina. Mdogo wake wa kiume, ambaye siku hizi anauza vipuri, ana kovu juu ya nyusi, na ukimuuliza habari zake anafurahi kama umemuuliza habari za nishani. "Tulikuwa tunashindana kulenga kopo kwa mawe," anasema. "Mimi nilisimama mbali kabisa na kopo, najiona niko salama. Kumbe dada nilikuwa nimemuudhi. Akageuka, akarusha kwa kushoto. Kopo hakuligusa."

Lakini nyumbani kulikuwa na mama, na mama alikuwa na msimamo wake. Mkono wa kulia ndio wa heshima. Ndio wa kula, wa kupokea kitu, wa kumpa mkubwa salamu. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, akachana kitambaa, na kila chakula kilipotengwa alimfunga binti yake mkono wa kushoto kwa nyuma, kwenye mkanda wa gauni. Hakumchukia mwanawe, hata kidogo. Aliogopa atachekwa ukweni, atafukuzwa mezani kwa watu. Basi mtoto akala kwa kulia, chakula kikimwagika kifuani, machozi yakimtoka, na mama akageuza uso asiyaone.

Na samaki akakunjika. Shoto akala kwa kulia, akaandika kwa kulia, akasalimia kwa kulia. Alipoingia jeshini akapiga saluti kwa kulia kama wenzake wote. Ila mama akigeuka tu, ule wa kushoto ulikuwa macho. Kufungua kifuniko kilichogoma, kushoto. Kupiga msumari, kushoto. Kufukuza kuku, kushoto, na kuku hakurudi. Mwenyewe aliwahi kuniambia, akicheka kwa kile kicheko chake cha gari bovu likiwashwa: "Huu wa kulia niliupeleka kwenye adabu. Wa kushoto niliuajiri."

Jeshini walimpeleka karakana. Ndiko alikozaliwa mara ya pili. Mchana kutwa chini ya lori, mafuta mpaka kwenye kope, spana mkononi, na mkono huo si lazima niwatajie. Jioni, mpira wa wavu. Loo, mpira wa wavu! Wasikilizaji, wale wa rika langu mnakumbuka fainali za vikosi vya jeshi zilivyokuwa zikitangazwa na redio hii hii. Watu walikuwa wanazima mashine za kusaga ili wasikie. Mtangazaji alikuwa yule mkongwe wetu tuliyemwita Cherehani, kwa jinsi mdomo wake ulivyokimbia bila kukata uzi. Kikosi cha karakana kilichanganya wanaume na wanawake kwa sababu watu hawakutosha, na mpigaji wao alikuwa msichana mwembamba mwenye mafuta ya gari kwenye kucha. Walichukua kombe. Liwekeni akilini hilo kombe, tutalirudia.

Miaka ikapita. Akaolewa, akajifungua binti, akafiwa na mume, akaendelea na kazi. Kisha vita.

Siku ile msafara wao ulishambuliwa barabarani. Lori la mbele, lililobeba majeruhi, lilikuwa limepasuka gurudumu. Bila gurudumu hakuna safari, na bila safari wale majeruhi walikuwa wamekwisha. Shoto akajitupa chini, akapiga jeki, akaanza kazi huku risasi zikigonga bodi la lori. Gurudumu jipya likaingia. Ikabaki kuliweka sawa. Akapeleka mkono ndani, jeki ikateleza, na lori likakaa.

Kidole cha kati. Cha pete. Cha mwisho. Vyote vya mkono wa kushoto. Lori liliondoka, majeruhi wakafika, na yeye akafika pamoja nao, kitambaa kimezungushwa mkononi, akimgombeza dereva kwamba anakanyaga klachi vibaya.

Vilibaki gumba na cha shahada, lakini vilikuwa vimekauka kama vijiti. Havikunjiki, havishiki. Daktari wa hospitali ya jeshi alimwambia wazi: kuna upasuaji unaoweza kuvifungua. Ukifanywa mapema, utashika spana tena. Ukichelewa, vitaganda hivyo hivyo maisha yako yote.

Sasa wapendwa, nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Askari akiumia, hupelekwa mbele ya bodi ya kupima ulemavu. Bodi ina utaratibu wake. Kila kidole kina daraja lake. Gumba liko juu, kidole cha mwisho kiko chini. Halafu wanauliza: mkono ulioumia ni mkono mkuu, yaani ule unaoutegemea, au ni mkono msaidizi? Mkono mkuu hupandishwa. Mkono msaidizi hushushwa. Mwisho inatoka asilimia. Anayefika thelathini hutibiwa mkono wake na jeshi mpaka mwisho wa uhai wake, upasuaji ukiwemo. Asiyefika hupewa mkono wa heri, akauguze kwa namna atakavyoweza.

Shoto akaingia. Chumba kidogo, feni inalia, wazee watatu nyuma ya meza. Akaulizwa: "Unasaini kwa mkono gani?" Akasema kulia. "Unakula kwa mkono gani?" Kulia. "Saluti unapiga kwa mkono gani?" Akawatazama kama watu waliopandwa na wazimu. "Kulia, afande. Kwani ipo ya kushoto?"

Majibu matatu, na yote kweli tupu. Alilelewa asiseme uongo. Wakaandika: mkono wa kushoto, msaidizi. Asilimia ishirini. Akapewa mkono wa heri, na aliupokea kwa kulia.

Alitoka nje akakaa kwenye benchi la korido. Aliniambia hakulia. Alikuwa anautazama mkono wa kulia uliolala pajani, safi, mtiifu, na akauonea hasira kama mtu anavyomwonea hasira ndugu aliyerithi visivyo vyake. Maana gumba lilikuwa linaganda. Kila wiki lilikuwa gumu kuliko wiki iliyopita, na pale karakana spana zilikuwa zinamngoja.

Akakata rufaa. Lakini rufaa inataka ushahidi. Na hebu niambieni nyinyi, utathibitishaje kwamba mkono usio na vidole ndio uliokuwa hodari?

Mdogo wake alijitolea kwenda kuonyesha kovu. Mama yao aliombwa aende akaeleze habari za kitambaa. Mama akakataa. "Nisimame mbele ya madaktari niseme nilimfunga mwanangu kama mbuzi?" akasema, akaingia chumbani, akafunga mlango. Shoto hakumlazimisha. Alisikia tu kitanda kikilia upande wa pili wa mlango, akajua mama amekaa, na kwamba hakulala.

Ni mdogo mtu aliyepata wazo. Alikuwa dukani kwake akipanga mikanda ya feni, redio imewashwa, ndipo akaruka mpaka masanduku yakaanguka. Redio! Fainali ile ilitangazwa redioni!

Walikuja hapa, wasikilizaji. Kwenye mlango huu hapa ninaouona nikigeuza shingo. Mama aliyetunza maktaba yetu ya sauti wakati huo aliwatazama, akautazama mkono, hakuuliza swali la pili. Akaingia kwenye rafu, vumbi likamla, chafya zikasikika hadi studio, na alipotoka alikuwa na kanda mkononi na utando wa buibui kichwani. Nilikuwepo. Tulikusanyika sote, mpaka mlinzi wa geti akaacha geti. Kanda ikazunguka, na Cherehani, ambaye wakati huo alikuwa ameshatutangulia, akaanza kusema kana kwamba hajawahi kunyamaza. Nilisisimka mwili mzima. Hata sasa ninavyowaambia, tazama, vinyweleo hivi vimesimama, ila basi redio haionyeshi.

Siku ya rufaa ikafika. Bodi nyingine, watu wengine. Mwenyekiti alikuwa daktari, mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Kulia kwake karani. Kushoto kwake sajini mstaafu, mwakilishi wa askari, mzee mkubwa wa umbo, ambaye baada ya chakula cha mchana alikuwa anapambana na usingizi, na usingizi ulikuwa unashinda.

Mdogo mtu akatoa kovu lake. Daktari akalitazama, akatabasamu. "Ndugu yangu, kovu halisemi jiwe lilirushwa kwa mkono gani." Kweli. Halisemi.

Wakawasha kanda.

Mwanzoni mkwaruzo tu. Kisha kelele za uwanja, na ndani ya kelele, sauti ya Cherehani: "Mpira uko juu, wapendwa, uko juu kabisa! Anaruka fundi wa karakana! Kushoto! Ameupasua kwa kushoto! Jamani, kile ni mkono au ni nyundo? Kushoto tena! Mzuiaji amefika, amezuia... oo! Anashika kidole! Mzuiaji anashika kidole chake, anazunguka, anazunguka kama pia! Kushoto, wasikilizaji, huyu binti haujui mkono mwingine!"

Kiti kikaanguka. Sajini alikuwa amesimama. Usingizi wote umemtoka, macho yamemtoka, na mkono wake wa kuume ameunyanyua juu, mbele ya uso wa mwenyekiti. Kidole chake cha pete kilikuwa kimepinda pembeni kama njia panda.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Ni mimi huyo ninayezunguka! Kidole hiki! Kidole hiki, daktari!"

Karani akaacha kuandika. Mdogo mtu akasahau adabu, akapiga makofi. Shoto mwenyewe alimtazama yule mzee, akamtazama tena, akawa anamtafuta kijana wa upande wa pili wa wavu ndani ya lile tumbo na zile mvi.

Daktari akagonga meza. "Sajini, kaa chini. Unamfahamu mwombaji?"

"Yeye simfahamu, daktari. Mkono wake naufahamu."

"Basi huwezi kumwamulia."

"Sitaki kumwamulia!" Sajini akatoka nyuma ya meza. Akazunguka, hatua nzito, akavuta kiti cha mashahidi, akakikalia mpaka kikalalamika. "Niandikeni shahidi. Nilizuia mipira ya vikosi vyote vya jeshi hili. Nimezuia ya kulia, nimezuia ya kushoto. Mwenye kushoto kwa kuazima unamjua, mpira unakuja umechoka. Huyu wake ulikuja na nia. Miaka yote hii pete aliyonipa mke wangu haiingii kidole hiki, na yeye hadi leo haamini sababu."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Daktari naye alicheka, tena mpaka akavua miwani akafuta macho. Kisha akainama mbele, sauti imebadilika. "Fundi, nijibu moja. Jeki ilipoteleza, ni nani aliyekuchagulia mkono wa kupeleka kule ndani?"

Shoto akafikiri. "Hakuna aliyechagua, daktari. Palikuwa na kazi. Ulikwenda wenyewe."

Daktari akavaa miwani yake. Kisha akamwambia karani: "Andika. Mkono wa kushoto, mkuu. Asilimia thelathini na tano. Na andika pia kwamba maswali yetu yalikuwa yanapima adabu ya mtu. Mkono wake hatukuwa tumeuuliza."

Thelathini na tano, wasikilizaji! Mdogo mtu alimbeba dada yake korido nzima, naye anampiga mgongoni amshushe, anampiga kwa kushoto, na sajini nyuma yao anapiga saluti kwa kile kidole kilichopinda.

Alirudi nyumbani. Mama alikuwa ametenga chakula. Hawakusemezana habari za bodi. Shoto akaketi, akanawa, akaanza kula kwa kulia, kama siku zote. Mama akamtazama tonge la kwanza, la pili. Ndipo akasema, polepole: "Mbona huli kwa ule mwingine?"

"Mama," akasema Shoto, "sasa hauna vidole."

Wote wawili wakacheka, halafu mmoja wao akaacha kucheka. Shoto hakuniambia ni yupi, na mimi sikumuuliza.

Upasuaji ukafanyika. Gumba likafunguka, cha shahada kikafuata. Si kama zamani, lakini vilikunjika, vilishika. Kitu cha kwanza alichoshika ni spana. Cha pili ni kijiko, mezani kwa mama yake, mkono wa kushoto, mbele ya macho yake. Mama alimwongezea mchuzi.

Tangu hapo hakutulia. Alirudi karakana, na siku za bodi alikuwa anavua bwelasuti anakwenda kukaa kwenye lile benchi la korido pamoja na askari wengine waliopoteza vidole. Anawachekesha, anawaandaa. Aliyemlilia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, alimjibu: "Mimi ninavyo viwili, chawa wajihadhari." Na alikuwa na usemi mmoja aliowaambia wote: wasikubali kuhesabiwa vilivyobaki tu, waulizwe vilivyokuwa vinafanya nini.

Na pale bodi, wapendwa, mpaka leo kuna mpira mezani. Kabla hujaulizwa unasaini kwa mkono gani, daktari anakurushia mpira bila kukuonya. Mkono unaokwenda wenyewe ndio unaoandikwa. Kioo kimoja cha dirisha kimeshavunjika, na kalamu za karani haziko salama, lakini utaratibu haujabadilishwa. Wanauita mpira wa Shoto.

Wiki iliyopita moyo wake ulichoka. Aliugua kwa muda mfupi, akaondoka akiwa hospitalini, binti yake pembeni. Jana tukamzika.

Tunampa pole binti yake, ambaye leo amenikataza kulia na nimemtii kwa shida. Pole kwa mdogo wake na kovu lake. Pole kwa sajini, aliyekuja na mkongojo. Pole kwa mafundi wa karakana, na kwa askari wa lile benchi la korido, ambao sasa watakuwa wanajichekesha wenyewe.

Na wewe, Bibi, mama yake Shoto, najua unanisikia, maana mjukuu wako ameniambia redio iko karibu na kitanda chako. Jana makaburini nilisimama nyuma yako. Zamu yako ya kutupa udongo ilipofika, uliinama ukachota kwa mkono wa kulia, kama ulivyotufundisha sote. Kisha ukasimama. Tukadhani umeishiwa nguvu, mjukuu akataka kukushika. Ukaumwaga udongo ule chini. Ukainama tena, ukachota kwa kushoto, ukamtupia mwanao. Na baada yako, Bibi, hakuna hata mmoja wetu aliyetumia mkono wa kulia. Madaktari, mafundi, sajini na mkongojo wake, wote kushoto, udongo unakwenda ovyo, unaangukia viatu vya watu, mpaka mjukuu wako akacheka kwa sauti katikati ya machozi. Ninaamini Shoto alikuona. Pokea pole yetu.

Wasikilizaji wapendwa, tafakari yangu leo ni fupi. Jioni mtakapokaa mezani, huenda akawepo mtoto atakayenyoosha mkono ule msioutaka. Mtaona haya mbele ya wageni. Mtataka kumpiga kofi vidoleni, mtataka kumgeuza.

Mkumbukeni Fundi Shoto. Mwacheni ale.